Watemi Wasio na Bando

Jumamosi, saa nne na nusu usiku. Hosteli, Dodoma.

Kwanza naombeni radhi kwa kimya kirefu. Likizo nilikuwa nyumbani Kawajense, na mwenye kumjua bibi yangu anajua kwamba ukifika pale kipindi cha kupukuchua mahindi, habari ya kukaa na simu unaisahau. Nimerudi chuo wiki ya tatu sasa, boom bado halijaingia, tunaishi kwa wali maharage na matumaini. Ila leo sitaki kulia njaa. Leo nataka kuwasimulia jambo ambalo limenikosesha usingizi kuliko test ya Jumatatu: kanuni za ufalme.

Wale wanaonifahamu wanajua kuwa mimi ni mtemi. Teh teh, msicheke. Tangu tukiwa kidato cha tano pale Mpanda, tuko watu saba tunaocheza mchezo wa kutawala. Hauna picha wala milio ya bunduki kama ile ya kwenye kompyuta. Ni maneno tu. Kila mmoja ana eneo lake, watu wake, chakula chake ghalani, askari wake, na anaandika anachotaka kufanya: "Napeleka watu arobaini kwenye kivuko," "Namtuma mjumbe na majembe kumi kuomba amani." Anayeamua kilichotokea ni kanuni, na pale kanuni zinapokwama, tunapiga kura. Tulianza na daftari la kaunta lenye ramani iliyochorwa kwa kalamu ya risasi. Tulipomaliza kidato cha sita tukatawanyika: mmoja Mbeya, mmoja Mwanza, wawili Dar, mmoja Sumbawanga kwao, mimi Dodoma, na mmoja akabaki Kawajense. Daftari likahamia kwenye kundi la WhatsApp.

Ulimwengu wetu hatukuutoa mbali. Ni magharibi ya nchi hii kabla Wajerumani hawajafika, tuseme kati ya 1860 na 1884: Urambo, Unyanyembe, Ukonongo, Ukimbu, Upimbwe, Ufipa, hadi Karema kule ziwani. Misafara ya pembe inapita, watemi wanadai hongo, rugaruga wanatembea na bunduki zao. Mambo ambayo shuleni tulipewa kurasa mbili tu, sisi tumeyacheza kwa miaka minne.

Sasa tatizo. Mchezo ulivunjika mwaka jana mwezi wa tano, na aliyeuvunja ni mimi.

Nitasema ukweli wote, maana hapa huwa natubu bila padri. Tulikuwa na kanuni moja niliyoipendekeza mwenyewe: asiyetuma amri kwa siku tatu, jeshi lake linasimama pale lilipo na ghala lake halijazwi. Ilionekana ya haki kabisa. Watu walikuwa wanazembea, mchezo unalala wiki nzima. Nikasema tuweke muda, wote wakaunga mkono. Yule wa Kawajense naye aliweka kidole gumba.

Wiki mbili baadaye akanyamaza. Siku ya tatu jeshi lake likasimama. Siku ya nne nikavuka mto. Siku ya sita nilikuwa ndani ya boma lake kuu, nimechukua ng'ombe, chumvi na pembe sitini. Nikaandika ujumbe mrefu wa majigambo, nikaweka na vile vikatuni vya kucheka. Wengine wakaingia kugawana vijiji vilivyobaki kama fisi kwenye mzoga.

Siku ya kumi na moja akarudi hewani. Akasoma yote. Akaandika neno moja: "Sawa." Halafu akatoka kwenye kundi.

Tulikuja kujua kwa watu wengine kwamba siku zile zote alikuwa hospitali akimuuguza mama yake. Bando liliisha siku ya pili, na pesa yote iliyopatikana ilikwenda kwenye dawa na chakula. Mama alipona, namshukuru Mungu. Lakini sisi wenzake sita, tuliosoma naye dawati moja, hakuna hata mmoja aliyempigia simu kumuuliza umekwama wapi. Tulikuwa bize kuhesabu ng'ombe wake.

Kanuni haikuvunjwa. Hilo ndilo linaloniuma. Kila nilichofanya kilikuwa halali.

*

Mwezi wa saba, kabla ya likizo, yule wa Mwanza akaandika kwenye kundi: "Jamani, tuanze upya, ila safari hii tutafute kanuni za watu waliofikiri." Akanipa mimi kazi hiyo, eti kwa kuwa ndiye mwenye intaneti ya chuo na ndiye mwenye dhambi. Nikakubali. Kwa wiki tatu nikawa nasoma kanuni za michezo ya wazungu badala ya nondo za mtihani. Ngoja niwape kwa kifupi nilichokuta, maana huenda kuna mdau anataka kuanzisha wake.

Wa kwanza unaitwa Diplomacy. Ulitoka 1959, aliyeutunga ni Mmarekani Allan Calhamer. Ni wa watu saba! Niliposoma hivyo nikaruka kitandani. Kila mtu anashika dola moja ya Ulaya ya mwaka 1901: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria-Hungaria, Urusi, Uturuki. Hakuna dadu. Mnaongea pembeni, mnaahidiana, kisha kila mtu anaandika amri zake kwa siri na zote zinafunguliwa kwa pamoja. Ramani ina vituo 34, ukifikisha 18 umeshinda. Watu wamekuwa wakiucheza kwa barua za posta tangu miaka ya 1960, kwa hiyo hauhitaji watu wawe hewani wakati mmoja. Kwa watu wa kuunga-unga bando kama sisi, ni mzuri mno.

Ila nikaendelea kusoma, nikafika penye sheria ya mchezaji asiyeleta amri. Majeshi yake yanasimama. Nikafunga ukurasa. Kumbe kanuni yangu niliyodhani nimeibuni ilikuwepo duniani kabla baba yangu hajazaliwa. Tena Diplomacy mtu hawezi kushinda bila kumsaliti rafiki. Ni mchezo mzuri kwa watu wanaopendana sana au wasiojuana kabisa. Sisi tulikuwa katikati.

Wa pili ni Birthright, uliotolewa na kampuni ya TSR mwaka 1995 juu ya ule mchezo wao maarufu wa Dungeons & Dragons. Hapa kila mchezaji ni mtawala, na zamu moja ya utawala ni miezi mitatu, yaani msimu. Hili la msimu nilipenda. Mtemi wa kwetu hakuamka kila asubuhi kuamua vita, alisubiri mvua iishe na mtama uvunwe. Lakini nguvu ya mtawala inatokana na damu yake, damu ya kimiungu, na hesabu zake ni nyingi. Yule wa Sumbawanga anayesomea uhasibu ndiye pekee aliyefurahi.

Wa tatu ni Kingmaker wa kampuni ya Paizo, vitabu sita vilivyoanza kutoka 2010. Huu ulinishangaza kwa jambo moja: wachezaji hawana kila mtu ufalme wake. Wana ufalme MMOJA. Mmoja ni mtawala, mwingine jemadari, mwingine mweka hazina, mwingine mkuu wa majasusi. Zamu ni mwezi, ina hatua nne, na ufalme unapimwa kwa uchumi, utii wa watu na utulivu, huku manung'uniko ya raia yakihesabiwa pembeni. Jamani, mchezo unahesabu manung'uniko! Nilicheka peke yangu maktaba mpaka jirani akanikodolea macho. Tatizo ni majedwali. Kujenga soko tu unapitia mistari utadhani unaomba mkopo.

Wa nne si mchezo hasa. Jeshi la Prusia lilikuwa na mchezo wa vita wa mezani, kanuni za Reisswitz za 1824, wenye dadu na majedwali ya kuchosha. Baadaye, 1876, ofisa mmoja aitwaye Verdy du Vernois akasema: tupeni majedwali, wekeni mwamuzi mwenye uzoefu, aseme kilichotokea kwa akili yake. Basi. Kanuni zote ziko kichwani mwa mtu mmoja anayeaminiwa.

Nikaandika haya yote kwenye karatasi nne, nikayatia kwenye begi, nikapanda basi. Ukitoka Tabora kwenda Mpanda unapita Sikonge, halafu msitu, msitu, msitu, halafu Inyonga. Ile ni nchi yenyewe tuliyokuwa tunaigombania kwenye simu. Nilikaa dirishani nikiangalia miombo nikafikiria: hapa ndipo nilipovuka mto siku ya nne.

*

Babu yangu ni Mkonongo, na kama babu wengi wa kwetu haachi utani. Nilipofika tu:

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Umekuja kunitunza, au umekuja kunimalizia mahindi?"

Bibi akadakia kutoka jikoni, "Mwache mke mwenzangu apumzike, vumbi lote hilo!"

Jioni nikamkuta uani na bao lake. Bao lenyewe limekatika kona moja, kete zake 64 zimepungua, tatu kaweka mawe. Nikamweleza mchezo wetu na karatasi zangu nne. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilidhani atanicheka. Aliuliza swali moja tu:

"Huyo mtemi wenu, wanyampara wake wako wapi?"

Nikamwambia hana. Kila mtu anaamua mwenyewe.

"Basi huyo si mtemi. Huyo ni mwizi mwenye cheo."

Wadau, nilinyamaza. Kwa hesabu za mama, Babu alikuwa kijana wa miaka kumi na saba hivi serikali ilipofuta utemi mwaka 1963, kwa hiyo anazungumza kitu alichokiona. Akasema mtemi alikaa na wazee, wakasema, yeye akasikiliza, halafu ndipo akakata shauri. Wengine husema hata neno lenyewe, mtemi, linatokana na kutema, yaani kukata: kukata msitu wa kijiji kipya au kukata neno. Mtemi akiugua wazee wapo. Mtemi akisafiri wazee wapo. "Nchi haikai bila mtu," akasema, "ila mtu si lazima awe yuleyule."

Nikamuuliza, na kwenye bao je, mtu akiitwa katikati ya mchezo? Akanyoosha mkono akachukua ungo wa bibi, akafunika bao. "Tunafunika. Akirudi tunafunua." Bibi akaja kudai ungo wake, mazungumzo yakaishia hapo.

Niliporudi Dodoma nikaenda maktaba kutafuta kama maneno ya babu yana ushahidi. Nikakuta vitabu viwili: cha Norman Bennett kuhusu Mirambo, cha 1971, na cha Aylward Shorter kuhusu utemi wa Wakimbu, cha 1972. Nikakaa navyo siku mbili. Na humo nikakuta mchezo wetu mzima.

Mirambo wote mnamjua. Mwaka 1871 alifunga barabara ya Tabora kwenda Ujiji na kupigana na Waarabu wa Tabora kwa miaka kadhaa. Stanley alipigana upande wa Waarabu mwaka huohuo akiwa njiani kumtafuta Livingstone, na mwaka 1876 akakutana na Mirambo wakafanya urafiki. Alikuwa mtu wa mbio, anashambulia alfajiri. Lakini watemi aliowashinda mara nyingi aliwaacha au aliweka ndugu zao, wamtii yeye. Yaani waliogopa mtu, hawakutii utaratibu. Alipokufa Desemba 1884, ndugu yake Mpandashalo akashika nafasi, na dola ile ikaanza kumeguka.

Sasa kuna mwenzake ambaye shuleni hatukumsoma vizuri: Nyungu ya Mawe, mtawala wa Ukimbu mwenye jicho moja. Naye alikuwa na rugaruga, naye alikuwa mkali wa kutisha, sitaki kumpamba. Ila alipoteka nchi aliweka magavana wake mwenyewe, watwale, kila mmoja na eneo lake, wakisimamia pembe zote zipelekwe makao makuu Kiwele. Akafa mwaka uleule wa 1884. Na dola yake haikuanguka! Ilirithiwa na binti yake, Mgalula, ikasimama zaidi ya miaka kumi hadi Wajerumani walipoivunja 1895.

Binti, jamani. Na wale wa Dar walikuwa wananiambia eti kihistoria mtemi mwanamke haiwezekani. Niliwapigia picha ukurasa ule nikawatumia saa saba usiku.

Lakini kilichonikaa si Mgalula peke yake. Ni kwamba wanaume wawili wamekufa mwaka mmoja, wote wababe, na tofauti ya dola zao ilikuwa ni nani anashika kazi bosi asipokuwepo. Mchezo wetu ulikuwa wa Mirambo. Mtu akikata bando amekufa, na nchi yake imekufa naye.

Na tusidhani sisi ni wa kwanza kucheza ufalme. Mzee mmoja pale maktaba aliponiona na vile vitabu akanielekeza kwenye cha Terence Ranger cha 1975 juu ya ngoma ya beni. Beni ilianzia pwani miaka ya 1890, na baada ya Vita ya Kwanza ikaenea bara nzima ya Tanganyika. Kulikuwa na pande mbili kubwa, Marini na Arinoti, zenye vyeo vya kizungu, wafalme na majemadari wa kujitungia, sare, gwaride na ushindani wa kufa na kupona. Kama sisi kabisa. Ila wale wazee walikuwa na jambo tulilolikosa: mwanachama akiugua au akifiwa, wenzake wanachanga na kwenda. Mfalme wa uongo, lakini mazishi ya kweli.

Nilisoma pale nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

*

Nimeruka kitu. Kabla sijaondoka Kawajense nilimtafuta.

Anaendesha bodaboda siku hizi, kijiwe chao kiko barabarani karibu na kwetu. Nilipita mara mbili nikijifanya naenda dukani. Mara ya tatu akaniita mwenyewe.

"Msomi, unazunguka kama askari wa rugaruga. Panda nikupeleke au sema."

Nikasema. Nilisema vibaya, maneno yakiwa yamechanganyikana, nikaomba msamaha kwa boma na ng'ombe na pembe sitini, halafu nikaomba msamaha kwa lile la kutopiga simu. Wenzake kijiweni walikuwa wanatusikiliza bila kuelewa kitu, mmoja akauliza, "Ng'ombe wa nani tena?"

Hakunijibu mara moja. Alikuwa anafuta tenki la pikipiki kwa kitambaa, akifuta palepale ambapo pameshasafishwa. Kisha akasema:

"Dada, ng'ombe sina shida nao. Nyie mnacheza na intaneti ya chuo. Mimi nacheza na bando. Hiyo tu. Mliandika kanuni ya watu wenye intaneti."

Nikamwambia tunaandika mpya. Nikamuuliza angetaka nini kiwemo. Akasema atafikiria, akanipeleka hadi nyumbani, na nauli akachukua. Nilifurahi kwamba alichukua. Angekataa ningejua bado ana kinyongo.

*

Basi wiki hii ndiyo tumekata shauri. Kundi limewaka siku nne. Hizi ndizo kanuni zilizopita, kwa wanaotaka kuiba:

1. Zamu moja ni msimu mmoja, na msimu mmoja ni wiki moja ya kweli. Amri zinatumwa wakati wowote kabla ya Jumapili saa mbili usiku, kwa siri, kwa mwamuzi. Zinafunguliwa kwa pamoja. (Hii tumekopa Diplomacy na Birthright.)

2. Maandishi tu. Hakuna picha, hakuna sauti, hakuna video. Mwenye bando la kuunga ana haki sawa na mwenye intaneti ya chuo.

3. Dadu hatuna, na yule wa Mbeya hatumwamini na dadu zake. Kwa hiyo kwenye vita kila upande unamtumia mwamuzi namba kati ya 1 na 6 pamoja na amri zake. Mwamuzi anajumlisha. Ikizidi 6 anaondoa 6. Kinachobaki ndiyo bahati ya siku hiyo. Hakuna anayeweza kuipanga peke yake. Nimejaribu kuikwepa nimeshindwa.

4. Kila ufalme una hesabu tatu tu: chakula, askari, na manung'uniko. Manung'uniko yakifika 10 wananchi wanahama usiku. (Asante Kingmaker.)

5. Kila mtemi anataja kaimu wake miongoni mwa wachezaji kabla mchezo haujaanza. Asipotuma amri, kaimu anaamua kwa niaba yake.

6. Mchezaji akipata msiba au ugonjwa, bao linafunikwa kwa wote, na kitu cha kwanza kinachotumwa ni mchango, si amri.

Kanuni ya tano ndiyo ilileta vurugu. Yule wa Sumbawanga akasema, na nampa haki yake maana hoja ilikuwa nzito: "Mnawalinda wazembe. Mtu atalala, kaimu atamchezea, atashinda vita akiwa usingizini." Yule wa Dar akaongeza kwamba kaimu anaweza kuwa msaliti, akapeleka jeshi la mwenzake kufa ili afaidike yeye. Tulibishana hadi saa nane. Mwishowe tukapunguza: kaimu anaweza kulinda, kulisha watu na kupokea wajumbe. Hawezi kushambulia, hawezi kugawa ardhi. Na wiki tatu mfululizo bila habari, tunampigia simu. SIMU. Ndipo tunaamua. Ikapita, watano kwa mmoja. Yule wa Sumbawanga amesema ataheshimu ila ameweka kumbukumbu. Wahasibu!

Ikabaki swali la mwamuzi. Tulikuwa sita na kila mtu anataka kutawala, hakuna anayetaka kuamua. Kwa Verdy ni rahisi kusema wekeni mtu mwenye uzoefu, lakini mwenye uzoefu naye anataka ng'ombe.

Jana jioni yule wa Mwanza akamrudisha wa Kawajense kwenye kundi. Hakusalimia. Aliandika hivi, nanukuu kwa ruhusa yake:

"Kanuni nimesoma. Ya tano na ya sita ni nzuri. Utemi sitaki tena. Nipeni umwamuzi. Jumapili usiku abiria hakuna, nitakaa nisome amri zenu. Bando mchange."

Kundi likanyamaza kama dakika tano hivi. Kisha yule wa Sumbawanga, nani tena, akauliza swali ambalo wote tulikuwa nalo mdomoni: je, aliyeibiwa anaweza kumhukumu mwizi kwa haki? Hakumtaja mtu. Wote tulijua mwizi ni nani.

Nikaandika mimi kwamba nakubali. Tukapiga kura, hakuna aliyepinga. Tukakubaliana kila mtemi anachangia bando la mwamuzi kila mwezi, sawa kwa sawa. Yule wa Dar akasema huo mchango uitwe hongo, kama ada ambayo misafara ililipa watemi zamani. Nikamwambia hongo ya 1870 ilikuwa ushuru, hongo ya leo utatupeleka TAKUKURU. Tumeuita ushuru wa bao.

Kaimu wangu nimemtaja: yule wa Sumbawanga. Kama kuna mtu atakayelinda ghala langu hadi punje ya mwisho ni yeye. Jina langu la kutawala ni Binti Nyungu.

Amri zangu za kwanza nimezituma leo saa kumi na mbili. Nimeomba kulima, nimeomba kuchimba visima, nimetuma mjumbe na chumvi kwa jirani zangu wote. Askari hata mmoja hajatoka bomani. Mwamuzi amesoma, vile vialama viwili vimegeuka bluu, hajajibu kitu. Majibu ni kesho saa mbili usiku.

Test ni Jumatatu saa mbili asubuhi na sijafungua daftari. Kwa leo niishie hapa. Usiku mwema wadau, tuko pamoja.